Hakipotei na Koili Mbili za Kaka

Sebuleni kwa Hakipotei palikuwa na viti vitatu na pikipiki moja. Kochi la watu wawili, ambalo kwa haki lilitakiwa kukaa chini ya dirisha, lilikuwa uani likilaliwa na kuku, kwa sababu mahali pake palikuwa na mwenyewe: pikipiki nyeusi ya silinda mbili, yenye tangi la mviringo kama tumbo la mwenyekiti, kongwe kuliko watoto wote wa nyumba ile. Ilifunikwa shuka jeupe lililotariziwa maua. Mgeni aliyeingia mara ya kwanza alidhani kuna maiti, akavua kofia.

Pikipiki haikuwa yake. Kaka yake, mzaliwa wa kwanza, alipata kazi ya mkataba nchi ya mbali. Asubuhi ya safari alikuja nayo, akaizima mlangoni na kumkabidhi mdogo wake ufunguo. "Miaka miwili tu," alisema. Miwili ikawa kumi na minane. Kila mwisho wa mwaka alipiga simu, akaulizia watoto, akaulizia paa kama bado linavuja, kisha akashusha sauti: "Na pikipiki yangu?"

"Iko kama ulivyoiacha, kaka," Hakipotei alijibu, kwa sauti ya mtu anayekula kiapo.

Upande wa pili kulikuwa na kimya kidogo. "Haya."

Simu ikikatika, Hakipotei alikuwa amevimba kwa fahari hata vifungo vya shati vinaomba msamaha.

Jina lenyewe alilipata kazini. Alikuwa karani wa masjala katika ofisi ya ardhi: chumba kirefu chenye rafu za chuma hadi darini, taa moja inayopepesa, na vumbi la kutosha kukandika kibanda. Watu walikuja pale kutafuta majalada ya viwanja vyao. Waliambiwa jalada liko kwa bosi, bosi akasema liko kwa mpimaji, mpimaji akasema liko masjala. Mtu akichoka na kutamka kwamba limepotea, karani wetu aliinuka polepole, akavaa miwani, akasema: "Hapa hakipotei kitu." Na kweli hakikupotea. Hakikuonekana tu. Kuna waliosubiri hadi wajukuu zao wakaota ndevu, lakini hakuna hata mmoja aliyeweza kuthibitisha kwamba jalada lake limepotea, na kwa karani huo ulikuwa ushindi.

Nyumbani alikuwa yuleyule. Kila kitu alikipa namba kwa msumari au kwa rangi. Ndoo ilikuwa N/2, viti vilikuwa V/1 hadi V/3. Mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi wa kukata kuliko mkasi wake, alimwambia siku moja, "Mimi namba yangu umeniandika wapi, mgongoni?" Tangu hapo akapunguza kidogo.

Na kila Jumapili saa nne asubuhi alifunua shuka, akaisukuma pikipiki hadi kizingitini, akapiga kiki. Iliwaka kwa mlio wake: puta-puta, kimya, puta, kimya, puta-puta, ikitikisika kama mzee anayecheka akiwa na kikohozi. Dakika kumi kwa saa ya ukutani. Kisha akaizima, akaipangusa, akaifunika. Watoto walikua na mlio ule, wakauiga wakiwa wanacheza. Hakuna aliyekuwa na shaka kwamba ndivyo pikipiki ya Baba Mkubwa inavyoongea.

Jumatatu moja simu ililia katikati ya mwaka. "Mdogo wangu, narudi," alisema Kaka. "Jumamosi asubuhi nipo kwako. Nitapanda pikipiki yangu."

Hakipotei aliketi kwenye V/2. Miaka kumi na minane alikuwa akimwambia mtu neno moja, na sasa mtu anakuja kulitazama kwa macho.

Jumanne akaipeleka betri kuchajiwa ikajaa hadi pomoni, akairudisha mahali pake. Jioni hiyohiyo umeme ukakatika. Mkewe alikuwa na sare za shule za kumaliza, na mwenye sare angezifuata kesho kabla ya kengele ya shule. "Sasa nishone kwa kupapasa?" mke alilalamika.

Hapo Hakipotei akapata wazo. Hakuwa mtu wa mawazo, na hili lilikuwa la kwanza baada ya muda mrefu, kwa hiyo hakulikagua. Aligeuza ufunguo wa pikipiki. Taa kubwa ya mbele ikamulika cherehani, ukuta, na paka aliyekuwa akiiba mboga. Nyumba ikashangilia. Mke akashona saa mbili nzima akiwa na mwanga kama wa jukwaani.

"Unasikia harufu?" aliuliza baadaye, mguu ukiwa bado kwenye kanyagio.

"Ya vitambaa vipya."

"Tangu lini vitambaa vyangu vinanuka lami?"

Sasa, pikipiki za siku hizi zina kisanduku cha umeme kinachofikiri kwa niaba ya mwenye pikipiki. Ile ya Kaka ilitengenezwa zamani za watu kujifikiria wenyewe. Ukiwasha ufunguo wake bila kuwasha injini, umeme unaingia kwenye koili, kile kipande kinachoipa plagi cheche, unakaa humohumo na kupikika. Hakipotei alikuwa ametumia koili ya kaka yake kama jiko, na hakuwa na habari.

Habari alizipata Jumatano alfajiri, alipopiga kiki ya kujaribu. Kimya. Akapiga ya pili. Akapiga hadi kiatu kikachomoka. Alikwenda kumwita fundi wa kona, kijeba mmoja anayetengeneza pikipiki chini ya mwavuli uliobaki mbavu nne. Fundi akatoa plagi zote mbili, akatazama, akapiga kiki, akatazama tena.

"Hakuna cheche upande huu wala ule. Koili zimekufa, mzee."

"Zote?"

"Zote mbili. Pole kwa msiba."

Akaifungua moja, ya kushoto, akamwekea mkononi. "Nenda na hii dukani iwe sampuli. Usiende na mdomo. Mdomo hauingii kwenye pikipiki."

Kabla ya kutoka, Hakipotei alichukua msumari, akachora chini ya kishikio chake: K/1. Hakuweza kujizuia.

Mtaa wa spea ulikuwa na maduka yaliyobanana kama meno, kila moja limening'iniza minyororo, vioo na matairi hadi barabarani. Duka la kwanza lilikuwa la bwana mmoja mnene aliyeitwa Inaingiliana, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake kwa kila mteja. Umemletea plagi ya trekta? Inaingiliana na ya pampu. Aliipokea koili, akaigeuza, akainusa, sijui kwa sababu gani, akatoa kijiboksi kipya chekundu.

"Hii hapa. Ya pikipiki za abiria."

"Mbona ndogo? Na haina mdomo huu wa shaba."

"Mzee wangu, dunia nzima imepungua. Inaingiliana."

Hakipotei alizoea watu kumwamini yeye akiwa nyuma ya kaunta. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kusimama upande wa pili, na hakujua mtu hubishaje akiwa upande huo. Akachukua.

Fundi wa kona akaifunga upande wa kushoto. Pikipiki ikapiga chafya tatu, fundi akaanza kucheka kwa ushindi, kisha koili mpya ikatoa moshi mwembamba, ikatulia kabisa. Ilikuwa ya moto kiasi cha kuchemshia yai.

"Imeingiliana," alisema fundi, "ikatoka."

Alhamisi Hakipotei aliomba ruhusa kazini akaandika kwamba anauguza ndugu, akaona si uongo mkubwa. Akarudi kwa Inaingiliana na ile ya zamani.

"Nataka kama hii. Si mpwa wake, si binamu yake. Hii. Na nazitaka mbili."

Inaingiliana hakuona haya. "Basi kaa kwenye benchi, niachie sampuli niiulizie mtaani. Ikiwepo itapatikana."

Ndivyo mtaa ule ulivyofanya kazi. Mwenye duka asipokuwa na kitu hasemi hana. Anakichukua kile ulicholeta, anakwenda nacho kwa jirani. Jirani naye hana, naye hasemi. Anakipeleka kwa jirani yake. Koili ya Kaka ikaondoka mkononi mwa Inaingiliana, ikaingia duka la taa, ikatoka, ikaingia kwa muuza minyororo, ikatoka, ikapita kwa mwenye mabomba ya moshi, na hivyo hivyo mlango kwa mlango hadi mwisho wa mtaa, alipokaa babu mmoja muuza spea kuukuu nyuma ya kilima cha injini zilizokufa. Mtu aliyeifikisha alikuwa anaongea na simu. Aliibwaga kwenye turubai la babu, akasema, "Kuna mtu huko juu ana shida na hii," akaenda zake kunywa chai.

Babu naye alikuwa kwenye chai yake. Alipomaliza, akatazama turubai. Turubai lilikuwa lake. Vilivyo juu yake ni vyake. Akaona koili. Akakumbuka kuna mtu huko juu ana shida na koili. Akamshukuru Mungu anayepanga mambo, akaisugua kwa mafuta ya taa na brashi ya chuma, akaipandisha.

Kwa babu iliondoka ikiwa kuukuu. Kwa mwenye mabomba ya moshi ikawa kuukuu lakini haijatumika sana. Kwa muuza minyororo ikawa haijatumika. Ilipovuka duka la taa ilikuwa orijino ya kiwandani, ya mwisho mtaani, na kila mlango uliiongezea sifa na bei kwa pamoja. Inaingiliana aliipokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

"Mzee! Una bahati ya mtende!"

Hakipotei aliikagua kipande kwa kipande. Mdomo wa shaba, upo. Kishikio, kilekile. Hata pembe iliyopinda kidogo, ilikuwa imepinda.

"Ndiyo yenyewe," alinong'ona.

"Si nilikwambia?"

"Na sampuli yangu?"

"Sampuli ya nini tena, na kitu umepata? Hiyo imeshafanya kazi yake. Ya pili tutaitafuta wiki ijayo."

Akaibeba mfukoni mwa shati, upande wa moyo.

Ijumaa asubuhi fundi wa kona aliifunga. Akapiga kiki. Akapiga tena. Akakaa kitako juu ya ndoo, N/2, akafuta jasho. "Hii ni orijino kweli, imefanana hata kwa kukataa. Mzee, hapa elimu yangu imefika ukingoni. Isukume hadi kwa Mama Waya."

Mama Waya alikuwa fundi umeme wa magari. Ofisi yake ilikuwa kontena lililokatwa dirisha, na ndani waya zilining'inia kama tambi za rangi zote. Alikuwa mwanamke mfupi, bisibisi imechomekwa kwenye nywele, na alizungumza na vyombo zaidi ya watu. Hakipotei alifika akihema, pikipiki mbele, akamweleza yote kuanzia sare za shule.

"Yaani uliifanya taa ya mezani," alisema Mama Waya.

"Ilikuwa dharura, mama."

Alichukua mita yake ndogo ya kupimia umeme, akaigusisha nyaya zake mbili kwenye koili mpya ya mtaa wa spea. Mshale haukusogea. Akaigusisha kwenye ile iliyobaki upande wa kulia wa pikipiki. Mshale ukarukaruka kama mlevi.

"Hii ya kulia ndiyo uliyoipika juzi, ona lami inavyomtoka. Hii nyingine haikuungua hata. Imekatika waya wa ndani zamani sana, hadi kutu imeota."

"Haiwezi kuwa ya zamani, mama, hiyo nimenunua jana. Orijino."

"Ya zamani nakwambia." Akaipindua. "Na hii K/1 ni nini? Namba ya kiwanda?"

Hakipotei alivaa miwani. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Mwandiko ulikuwa wake. Hata ule mkia wa K aliokuwa akikemewa na bosi wake tangu ujana ulikuwepo. Akajaribu kufuatilia kitu kilichoondoka mkononi mwake jana kikiwa kibovu na kurudi jana hiyohiyo kikiwa kipya bila kubadilika. Masjala yake yenyewe haikuwahi kufanya muujiza wa namna hii.

"Umenunua koili yako mwenyewe?" Mama Waya aliuliza, na bisibisi ikaanza kutikisika kichwani. "Baba wee! Nenda ukagombane huko. Ukirudi nitakuwa nimemaliza."

Akaenda mbio. Inaingiliana alikuwa anakula karanga.

"Koili uliyoniuzia!"

"Haikufanana na yako?"

"Imefanana sana!"

"Sasa tatizo nini, mzee wangu?"

Hakipotei alifungua kinywa. Akatafuta tatizo lilipo. Alimwambia ni ileile. Inaingiliana akajibu kwamba ndiyo, si ndivyo alivyoomba, ileile, si mpwa wala binamu? Akamtaka amwoneshe aliyeileta. Akaoneshwa duka la taa. Duka la taa likamwonesha muuza minyororo. Muuza minyororo akasema yeye alipokea tu na kupitisha. Mlango wa tano, Hakipotei alisimama katikati ya njia, akihema. Alikuwa ameshaisikia hadithi hii mahali. Ila huwa anaisikia akiwa ameketi, na anayehema ni mwingine. Wazo hilo halikumpendeza, akageuka kabla halijakaa.

Kwa Mama Waya alikuta pikipiki imeota masikio. Chini ya tangi, kila upande, palikuwa na kitu cha mviringo chenye ukubwa wa kopo la maziwa, kimefungwa kwa vipande vya mpira wa tairi.

"Mama! Hivi ni nini?"

"Koili za gari. Nimezitoa kwenye pikapu la zamani lililoko huko nyuma."

"Lakini hazifanani! Hazifanani hata na kitu cha kufanana nacho!"

"Nani kakwambia koili huchaguliwa kwa sura? Unaoa?" Alimwonesha mita. "Pikipiki yako ni ya platinamu, vile vichuma viwili vinavyogusana na kuachana. Hiyo inataka koili inayozuia umeme kwa kipimo cha omu nne, basi. Ile ndogo nyekundu uliyouziwa kwanza haifiki hata omu moja, ndiyo maana ilitoa moshi. Hizi ni nne kwa nne. Nne ni nne hata ikiwa imevaa kanzu. Piga kiki."

Akapiga kiki moja.

Ikawaka. Lakini haikusema puta, kimya, puta. Ilisema kitu kimoja kirefu, laini, mfululizo, kama cherehani ya mkewe ikipita kwenye hariri. Haikutikisika. Hakipotei aliruka nyuma.

"Zima! Imeharibika!"

"Imepona."

"Huu si mlio wake! Mimi naujua mlio wake, miaka kumi na minane!"

Mama Waya aliizima, akamtazama kwa huruma halisi sasa. "Mzee, ilikuwa inatembelea silinda moja. Ya kushoto ilikuwa imelala, kwa sababu ya hii K/1 yako. Sasa zinafanya kazi zote."

"Ilikufa lini?"

"Mimi fundi, si daktari wa maiti. Miaka kumi. Ishirini."

Akaisukuma kurudi nyumbani. Mama Waya alipiga kelele kutoka dirishani, "Si uiendeshe, imetengenezwa!" akajibiwa kwamba mali ya mtu haiendeshwi. Njia nzima Hakipotei alipiga hesabu ya siku, si ya kitu kingine. Kama ilikufa kabla ya miaka kumi na minane, ilikuwa ya Kaka. Kama ilikufa baadaye, ilifia mikononi mwake, Jumapili fulani, yeye akiwa ameikodolea macho saa ya ukutani. Na yeye ndiye aliyeapa.

Alipoiwasha kizingitini, mkewe alitoka na futi shingoni.

"Imepatwa na nini? Mbona imekuwa kama friji?"

"Imepona, wanasema."

"Haya. Ila shemeji hataijua. Hii si ile aliyotuachia. Ile nilikuwa naisikia hata nikiwa sokoni."

Neno lile likampenya. Aliketi sebuleni na kuwaza kama karani, kwa kuwa hakuwa na namna nyingine ya kuwaza. Asubuhi ile ya safari Kaka alikuja nayo hadi mlangoni. Ililia vipi? Akafumba macho. Puta, kimya, puta. Alikuwa na hakika; karibu na hakika. Basi jalada hurudishwa kama lilivyopokelewa. Likiwa na ukurasa uliochanika, hurudishwa na ukurasa wake uliochanika. Kuligundisha ni kulichezea. Alipiga magoti, akaukamata ule waya mwembamba unaoingia kwenye koili ya kushoto, akauchomoa. Akapiga kiki.

Puta-puta, kimya, puta.

Watoto wakapiga makofi. Mkewe akasema, "Ndiyo hiyo sasa." Hakipotei akayafunika yale makopo mawili kwa kitambaa cheusi, akalala usingizi wa mtu aliyetimiza wajibu, kasoro kwamba aliamka mara nne kuutazama waya.

Jumamosi Kaka alishuka mlangoni na begi moja dogo. Alikuwa amekonda, nywele zimeingia mvi, lakini bado anatembea mabega mbele. Akamkumbatia shemeji yake, akawabeba watoto mmoja mmoja na kudai ni wazito, akakataa kuketi. "Kwanza mwenyewe," alisema, akafunua shuka.

Alizunguka mara moja. Aligusa tangi, akagusa kiti, akaona rangi inavyong'aa. "Mdogo wangu, umeitunza."

"Iko kama ulivyoiacha, kaka."

Wakaisukuma nje wote wawili. Kaka akapanda, akapiga kiki. Ya tatu ikashika. Puta-puta, kimya, puta.

Hakipotei alimtazama usoni, akisubiri. Kaka alikuwa ameinamisha kichwa, sikio upande. Tabasamu lililokuwa linakuja likasimama njiani, likarudi.

"Bado inakohoa," alisema.

"Kaka?"

"Bado inakohoa upande mmoja." Akaizima, akabaki amekaa. "Wewe unajua kwa nini nilikuachia hii? Nilikuwa na rafiki aliyekuwa na karakana kubwa, yenye mlango wa kufuli. Sikumwachia. Nilitafuta koili ya kushoto mwaka mzima nikakosa. Niliona haya kusema, maana baba alinikataza kuinunua. Nikasema nitampa huyu mdogo wangu. Huyu anaishi kwa kutafuta vitu. Miaka miwili hatakosa koili moja." Akacheka bila raha. "Kila mwaka nikipiga simu, nasema leo ataniambia ameipata. Nakuuliza, pikipiki yangu? Na wewe unanijibu, iko kama ulivyoiacha."

Mke wa Hakipotei alijiziba mdomo kwa kanga. Watoto waliacha kucheza.

Hakipotei alisimama akiwa hana pa kuweka mikono. Ndani ya kichwa chake majalada kumi na manane yalikuwa yanaanguka kutoka rafuni, moja baada ya jingine, kila mwisho wa mwaka na kimya chake kidogo, na kila "haya" iliyokuja baada ya kimya.

"Kwa hiyo," aliuliza, "mimi nimetunza nini?"

"Ugonjwa, mdogo wangu. Umeutunza vizuri sana. Haujapungua hata kidogo."

Hapo Hakipotei akapiga magoti kwenye vumbi, na suruali yake ya kazini. Kaka alidhani anaomba msamaha, akaanza kumshika bega. Lakini yeye aliondoa kile kitambaa cheusi, akaukamata ule waya mwembamba, akauchomeka mahali pake.

"Piga," alisema.

Kaka akapiga. Ikaja ile sauti ndefu, laini, isiyo na kikohozi. Kaka akatoa mikono kwenye usukani kana kwamba umemuunguza. Akasikiliza dakika nzima. Kisha akainama kutazama.

"Hizi ni za gari."

"Zinaingiliana," alisema Hakipotei kwa sauti ndogo.

"Na ulikuwa umeuchomoa waya?"

"Jana."

"Kwa nini, kwa jina la Mungu?"

Akamweleza. Alianza na ruhusa ya kuuguza ndugu, akarudi kwenye sare za shule, akaruka kwa babu wa turubai, akapoteza mstari, akaanza upya na omu nne, na alipofika mahali pa kununua koili yake mwenyewe Kaka alikuwa ameweka paji la uso juu ya tangi, mabega yanamtikisika. Mtu asingeweza kujua kama analia au anacheka, na Hakipotei, aliyekuwa karibu zaidi kuliko wote, hakujua.

"Panda," Kaka alisema hatimaye, akifuta macho.

"Mimi?"

"Kwani nani mwingine? Twende tukamuone huyo Mama Waya."

Hakipotei alitazama kiti alichokipangusa miaka yote ile. Akarusha mguu mmoja, akarusha wa pili, akamshika kaka yake kiunoni kwa vidole viwili viwili, akiwa hajaelewa bado kama amesifiwa au ametukanwa.

"Kaka," aliuliza, "miguu huwa inawekwa wapi?"